Kurunzi Ndogo Yenye Mwale wa Kurekebishwa: Namna ya Kuichagua

Mtu aondokaye nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuliwahi basi la kwanza huwa na mahitaji mawili yasiyopatana. Hana budi kuiona ardhi iliyo mbele ya miguu yake, hatua tatu au nne, kwa upana na kwa mwanga wa wastani, ili asikanyage shimo, kigingi au nyoka. Mara nyingine humpasa kuona mbali: kumtambua anayekuja njiani, kujua kama yale yanayong'aa kando ya shamba ni macho ya mbwa au ya fisi, ama kutazama kama daraja la miti lingali mahali pake baada ya mvua ya usiku. Mwanga uifaao kazi ya kwanza hauifai kazi ya pili. Ndiyo sababu kurunzi ndogo ambazo mwale wake huweza kupanuliwa au kukusanywa, kwa kusukuma au kuzungusha kichwa, zimeenea sana madukani na magulioni. Watu wengi huzinunua, na wengi wao huzitupa kwa hasira baada ya miezi miwili.

Hasira hiyo ina msingi. Kurunzi mbili zilizopangwa pamoja juu ya meza ya mchuuzi huweza kufanana kwa rangi, kwa umbo na hata kwa maandishi ya sanduku, na hata hivyo moja ikadumu miaka mitano na nyingine isimalize msimu mmoja wa masika. Mnunuzi asiye na chombo chochote cha kupimia anaweza kuzitofautisha kwa kiasi kikubwa, mradi afahamu kidogo jinsi mwanga unavyokusanywa, na ajue betri inaweza kutoa nini na haiwezi kutoa nini.

Kutoka uzi wa kaboni hadi diodi

Kurunzi ya umbo la bomba, ifananayo na hizi zinazojulikana leo, ilipewa hataza nchini Marekani mwezi Januari 1899 kwa jina la mvumbuzi David Misell, na haki zake zikawa za kampuni ya Conrad Hubert, ambayo baadaye ilivuma kwa jina la Eveready. Betri kavu za wakati huo zilikuwa dhaifu, na globu za uzi wa kaboni zilikula umeme kwa pupa, hata mtumiaji hakuweza kuiacha kurunzi ikiwaka. Aliibonyeza kwa nukta chache, akatazama alichotaka kutazama, akaiachia ipumzike. Jina ambalo Wamarekani wamekipa chombo hiki, lenye maana ya mwanga wa kumweka, limetokana na udhaifu huo.

Uzi wa tungsteni uliposhika nafasi ya kaboni, kurunzi ikawa chombo cha kutegemewa. Katika Afrika Mashariki ilizoeleka zaidi ile ndefu ya bati inayong'aa, yenye betri mbili au tatu kubwa, ambayo mlinzi wa usiku aliweza kuishika kama rungu kama haja ingetokea. Betri zake wengine huziita mawe hadi leo. Kwa miaka mingi betri za Eveready zilitengenezwa Nakuru, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2014.

Hata hivyo, globu ya tungsteni hugeuza sehemu ndogo tu ya umeme kuwa mwanga, na sehemu iliyobaki hupotea kama joto. Globu ndogo ya kurunzi hutoa lumeni 10 hivi, au pungufu, kwa kila wati 1 ya umeme. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga utokao katika taa, bila kujali unaelekea wapi. Diodi itoayo mwanga, ambayo wauzaji huitaja kwa herufi LED, hutoa lumeni 100 au zaidi kwa wati hiyo hiyo. Diodi ya mwanga mwekundu ilitengenezwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini ilihitajika miaka thelathini mingine kabla ya kupatikana ya buluu yenye nguvu ya kutosha. Kazi hiyo iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila ya buluu pasingekuwa na kurunzi nyeupe, kwa maana diodi nyeupe kwa kawaida ni diodi ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa manjano. Sehemu ya mwanga wa buluu hupenya, sehemu nyingine hugeuzwa na unga huo kuwa ya manjano, na jicho huviona viwili hivyo vikichanganyika kuwa cheupe. Atazamaye ndani ya kurunzi iliyozimwa ataona kipande kidogo cha manjano, upana wake milimita moja au mbili. Mwanga wote hutoka hapo.

Udogo huo wa chanzo cha mwanga ndio uliowezesha kurunzi ndogo kumulika mbali.

Kioo na lenzi

Zipo njia mbili za kuurekebisha mwale. Ya kwanza ni ya zamani: kioo mbonyeo chenye umbo la paraboli huwekwa nyuma na kandokando ya taa. Taa ikiwa katika fokasi ya kioo, yaani ile nukta ambayo miale sambamba hukusanyika, miale yote iliyopiga kioo huondoka ikiwa sambamba na mwale huwa mwembamba. Kichwa kikizungushwa, kioo husogea, taa hutoka katika fokasi, na mwale hutawanyika. Namna hii ilipata sifa kubwa kwa kurunzi za alumini za kampuni ya Mag Instrument ya California, hasa ile ndogo ya betri mbili za AA iliyotolewa mwaka 1984. Ubaya wake huonekana ukutani: mwale unapopanuliwa, katikati hutokea dimbwi la giza lililozungukwa na pete angavu, na mtu anayetembea hujikuta akiona vizuri kila mahali isipokuwa pale anapotazama.

Njia ya pili ndiyo iliyojaa madukani leo. Mbele ya diodi huwekwa lenzi mbinuko, nene, iliyo bapa upande wa nyuma. Lenzi imefungwa katika kichwa kinachoteleza mbele na nyuma. Kichwa kikirudishwa nyuma, lenzi hukaribia diodi na mwanga hutoka kama duara pana, laini, lenye mwanga karibu sawa kila mahali. Kikivutwa mbele hadi diodi iwe katika fokasi ya lenzi, miale hutoka karibu sambamba, na ukutani huonekana picha ya diodi yenyewe, mraba wa manjano wenye kingo kali, na wakati mwingine hata vijinyaya vyake. Wengi hudhani mraba huo ni kasoro. Kinyume chake, mraba ulio wazi ni dalili kwamba lenzi imetengenezwa vizuri na kwamba diodi imewekwa katikati. Mraba uliofifia upande mmoja, au ulio na doa la buluu pembeni, unaonyesha kazi ya haraka.

Lenzi hii ina gharama isiyoandikwa popote. Kadiri inavyosogezwa mbali na diodi, ndivyo mwanga mwingi zaidi unavyoikosa na kupotea ndani ya kuta nyeusi za kichwa. Na ichukuliwe kurunzi yenye diodi ya lumeni 100 na lenzi ya kipenyo cha milimita 20. Lenzi ikiwa milimita 4 kutoka diodi, hupokea asilimia 86 hivi ya mwanga. Ikivutwa mpaka milimita 12, hupokea asilimia 41 tu. Sehemu hiyo hukadiriwa kwa kugawa mraba wa nusu kipenyo cha lenzi kwa jumla ya mraba huo na mraba wa umbali: 100 gawanya kwa 116 katika hali ya kwanza, 100 gawanya kwa 244 katika hali ya pili. Basi mtu anayevuta kichwa ili mwanga uende mbali hutupa zaidi ya nusu ya mwanga aliolipia, na betri huendelea kuliwa vile vile.

Kwa nini basi mwale mwembamba huonekana mkali mno? Jibu ni kwamba mwanga mdogo umekusanywa mahali padogo. Diodi yenye upana wa milimita 1, ikiwa milimita 12 nyuma ya lenzi, hufanya mraba wenye upana wa mita 1 kwenye ukuta ulio umbali wa mita 12. Zile lumeni 41 zikitandazwa juu ya mita 1 ya mraba hutoa luksi 40 hivi. Luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba. Kurunzi hiyo hiyo ikipanuliwa itoe duara la mita 3 kwa umbali wa mita 2, duara hilo litafika mita 18 kwenye ukuta ule wa mita 12, na lumeni 86 zitagawanywa juu ya mita za mraba zaidi ya 250. Hapo luksi ni 0.3, kiasi cha mbalamwezi. Tofauti kati ya hali hizi mbili ni zaidi ya mara 100, ingawa hali yenye giza ndiyo yenye mwanga mwingi zaidi kwa jumla. Hesabu hii haikuondoa upotevu mdogo ndani ya lenzi yenyewe, lakini sura ya jambo haibadiliki.

Maandishi ya sanduku

Kuna kanuni ya fizikia ambayo wauzaji hawaipendi. Mwanga unaofika juu ya kitu hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiongezwa mara 2, mwanga hupungua mara 4, ukiongezwa mara 3, hupungua mara 9. Kwa hiyo kurunzi inayotangazwa kumulika mara mbili ya umbali wa mwenzake yapasa iwe na mwale wenye ukali mara nne.

Tangu mwaka 2009 kipo kipimo kilichokubaliwa Marekani, kiitwacho FL 1, kinachofuatwa kwa hiari na watengenezaji katika nchi nyingi. Kwa kipimo hicho, umbali wa kurunzi ni pale ambapo mwanga wake umepungua kufikia luksi 0.25, sawa na mwezi mpevu katika anga safi. Muda wake wa kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga unaposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Vipimo hivi ni vya haki, kwa kuwa vinawezesha kurunzi mbili kulinganishwa, ila mnunuzi afahamu maana yake. Kurunzi ya mfano uliotangulia, yenye luksi 40 kwa mita 12, ingeandikiwa umbali wa mita 150. Lakini kwa mita 150 ingetoa mbalamwezi tu, na hakuna awezaye kumtambua mtu kwa uso katika mbalamwezi kwa umbali huo. Kwa nusu ya umbali ulioandikwa mwanga huwa luksi 1. Kwa theluthi yake, luksi 2 na ushei. Theluthi ni kadirio la busara la umbali ambao kurunzi humfaa mtu kweli. Vivyo hivyo, "saa 20" za kuwaka huweza kuwa ni saa 3 za mwanga mzuri na saa 17 za kufifia.

Masanduku ya kurunzi za bei nafuu, hata hivyo, mara nyingi hayafuati kipimo chochote. Huandikwa lumeni 2,000, lumeni 10,000, na maneno ya kijeshi yasiyohusu fizikia. Hapo hesabu ndogo yatosha. Ili kutoa lumeni 2,000, diodi nzuri huhitaji wati 20. Betri moja ya AA ina volti zisizozidi 1.5, na inapofanya kazi hushuka karibu na 1.2. Kupata wati 20 kwa volti 1.2 kungehitaji mkondo wa ampia 16 na zaidi, jambo ambalo betri ya AA haiwezi kabisa. Kwa hiyo tarakimu hiyo ni ya uongo kabla hata kurunzi haijawashwa. Kurunzi ya betri moja ya AA inayotoa lumeni 100 ni nzuri. Inayotoa 40 kwa muda mrefu inatosha kwa shughuli nyingi za nyumbani na njiani.

Betri ndiyo bei ya kweli

Bei iliyobandikwa juu ya kurunzi ni sehemu ndogo ya gharama yake. Na ichukuliwe familia inayotumia mwanga wa lumeni 30 kwa saa 1 kila usiku. Kwa kuwa kuna upotevu katika nyaya, swichi na lenzi, ikadiriwe kwamba kila wati huleta lumeni 60 zinazotumika. Kwa mwezi wa siku 30, matumizi ni wati-saa 15. Betri ya AA ya kaboni na zinki, ile ya bei rahisi kuliko zote, hutoa wati-saa 1 au pungufu, kwa hiyo mwezi utakula betri 15. Betri ya alkali ya ukubwa huo huo hufika karibu wati-saa 3 ikitumiwa polepole, kwa hiyo zitahitajika 5 au 6. Betri ya kuchaji ya lithiamu, iliyo maarufu kwa namba 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, yenye volti 3.7 na miliampia-saa 2,600, huhifadhi wati-saa 9.6, chaji mbili zinautosha mwezi.

Kama betri ya kaboni inauzwa shilingi 400, familia hiyo itatumia shilingi 6,000 kwa mwezi, sawa na 72,000 kwa mwaka, ili kuilisha kurunzi ambayo pengine ilinunuliwa kwa shilingi 3,000. Kurunzi ya kuchaji ya bei mara tano ya hiyo hulipa tofauti yake ndani ya miezi michache, mradi pawepo mahali pa kuchaji, iwe ni umeme wa nyumbani, paneli ya jua au kibanda cha kuchajia simu. Mahali pasipo na lolote kati ya hayo, kurunzi ya betri za AA ndiyo ya kuchagua, kwa kuwa betri hizo hupatikana hata katika duka la mwisho la kijiji. Betri za AAA, ambazo ni nyembamba zaidi, afadhali ziepukwe: hubeba kiasi cha nusu ya nishati au chini yake, na bei zake hazipungui kwa kiasi hicho. Kwa bahati mbaya kurunzi nyingi za lenzi za bei nafuu hutumia tatu kati ya hizo, zikiwa ndani ya kikapu cha plastiki ambacho miguu yake ya bati hulegea upesi.

Betri za lithiamu nazo zina ulaghai wake. Nyingine huandikwa miliampia-saa 9,900, ilhali za ukubwa wa 18650 zilizotengenezwa na viwanda vya kuaminika ni chache zinazopita 3,500. Mizani ya duka husaidia hapa. Betri halisi ya ukubwa huo ina uzito wa gramu 45 hivi. Ile inayopungua sana ndani yake kuna nafasi tupu, au seli ndogo iliyovishwa gamba kubwa. Betri hizi zisiwekwe mfukoni pamoja na sarafu au funguo, kwani ncha zake mbili zikiunganishwa na chuma huweza kupata moto ghafla, na iliyovimba au kutoboka isichajiwe tena.

Jambo moja huwasumbua wenye kurunzi za betri kavu. Katika betri ya kaboni, kopo la zinki ndilo lililiwalo ili kutoa umeme. Linapokwisha kuliwa, hutoboka, na maji yake hutoka na kuila springi na swichi. Betri iliyokwisha isiachwe ndani, na betri mpya isichanganywe na kuukuu, kwa maana mpya huilazimisha kuukuu kufanya kazi ikiwa imekwisha, na hapo ndipo huvuja.

Majaribio ya dukani

Jaribio la kwanza ni kukivuta na kukirudisha kichwa mara kumi. Yafaa kiteleze kwa ukinzani kidogo, kikae pale kinapoachwa, na kisicheze kushoto na kulia. Kichwa kinachoteleza chenyewe kurunzi inapoinamishwa kitakuwa kinabadilisha mwale kwa kila hatua ya mtembeaji. Chini ya kichwa yapasa kuwe na kipete cha mpira, nacho kikiwa kimepakwa mafuta kidogo ni bora zaidi. Lakini mnunuzi asidanganyike kwamba kipete hicho huzuia maji. Kichwa cha kuteleza hufanya kazi kama pampu ya baiskeli: kila kinapovutwa, hunyonya hewa ya nje pamoja na unyevu na vumbi lake. Mvuvi, au mtu afanyaye kazi mvuani, hafai kupewa kurunzi ya namna hii, hata kama sanduku lina picha ya kurunzi ndani ya ndoo ya maji. Bora achukue yenye mwale usiobadilika.

Kisha kurunzi iwashwe na kuelekezwa kwenye ukuta mweupe, kwanza kwa mwale mpana, halafu kwa mwembamba. Mambo ya kutazama yamekwisha elezwa: duara lisilo na dimbwi la giza, mraba ulio wazi, na katikati ya mraba kuwa sawa na katikati ya duara. Ikigongwa kwa kiganja, mwanga usikatike. Ukikatika, springi au kikapu kimelegea, na kulegea huko huongezeka siku hadi siku.

Mkono ukipungwa haraka mbele ya mwanga, vidole vionekane kama ukungu mmoja. Vikionekana vingi vilivyokatika-katika, kurunzi inapunguza mwanga wake kwa kuwaka na kuzima mara nyingi katika nukta moja. Jicho haliujui mchezo huo kwa kitu kilichotulia, ila huwachosha baadhi ya watu wanaposoma, na humkera fundi anayefanyia kazi kitu kinachozunguka.

Iachwe ikiwaka dakika tano, kama mwenye duka ana subira. Diodi haipendi joto. Gamba la alumini likipata vuguvugu, ni habari njema, kwa sababu joto linatoka. Gamba likibaki baridi kabisa ilhali mwanga unapungua, joto limenaswa ndani na linaichakaza diodi. Kuhusu vitufe, hali mbili, yaani mwanga mkali na mdogo, zinatosha. Kurunzi nyingi huongeza ya tatu ya kumetameta, ambayo mtu hulazimika kuipitia kila anapotaka kuzima, na kazi yake kubwa huonekana kuwa ni kumuudhi mwenye kurunzi.

Mwale upi kwa kazi ipi

Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, ana tabia ya kulala njiani usiku na kutokimbia anaposikia hatua. Hutegemea rangi zake zimfiche. Shirika la Afya Duniani huhimiza matumizi ya taa na viatu kwa watembeao usiku kwa sababu ya nyoka wa aina hii. Kwa kazi hiyo mwale mwembamba ni hatari kuliko mtu anavyodhani. Katika mfano wa hapo juu, kwa umbali wa mita 2 mraba wake una upana wa sentimita 17 tu, kama sahani ndogo, na ndani yake kuna luksi karibu 1,500. Jicho hujirekebisha kulingana na sahani hiyo. Yote yaliyo nje yake huwa giza tupu. Uwezo wa jicho kuona gizani ukipotea hauridi mara moja, bali huchukua dakika 20 hadi 30 kukamilika. Mwale mpana katika umbali huo una luksi 12, ambazo zatosha kuona kila jani kavu, nao hufunika njia nzima. Afadhali kurunzi ishikwe chini, usawa wa nyonga, na si karibu na jicho, kwa sababu mwanga utokao chini hufanya kila jiwe na kila kitu kilicholala kitupe kivuli kirefu, na ni kivuli hicho kinachomfichua nyoka ambaye rangi yake imefanana na majani. Mwale mwembamba utumiwe kwa kitambo, kutazama kitu kilicho mbali, kisha kichwa kirudishwe.

Kwa mkunga au muuguzi wa zahanati usiku umeme unapokatika, rangi ya mwanga ina uzito kuliko wingi wake. Diodi nyingi za bei nafuu zina buluu nyingi na nyekundu kidogo. Chini ya mwanga huo, damu huonekana nyeusi-nyeusi, na rangi ya ngozi haitambuliki vema. Globu za zamani za tungsteni zilikuwa na kosa lililo kinyume: umanjano wao ulifanya umanjano wa macho ya mtoto mchanga usionekane. Jaribio la dukani ni rahisi: mhusika amulike kiganja chake mwenyewe. Kikionekana cha kijivu kama cha mtu mwenye baridi, kurunzi hiyo si ya zahanati. Kwa kazi hiyo kichwa kivutwe nusu tu, kwa kuwa mwale mwembamba kabisa huleta picha ya diodi na mistari yake juu ya jeraha, na mikono yote miwili ikihitajika, kurunzi ya kufunga kichwani itafaa zaidi kuliko ya mkononi.

Mlinzi na mchungaji ndio wenye haki kamili ya mwale mwembamba. Hao ndio wa kutafuta lenzi pana, si lumeni nyingi. Kwa diodi ile ile, lenzi yenye kipenyo mara mbili, ikiwekwa mbali mara mbili, hupokea mwanga ule ule lakini huukusanya katika mraba wenye upana nusu, na ukali wa mwale huongezeka mara nne bila betri kuliwa zaidi. Kurunzi hiyo itakuwa na kichwa kinene na haitaingia mfukoni.

Lenzi nyingi za bei nafuu ni za plastiki ngumu, ambayo ni angavu sana ikiwa mpya na hukwaruzika kwa urahisi. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko plastiki, na kuifuta lenzi kwa upindo wa kanzu au wa shati ni sawa na kuipiga msasa. Ioshwe kwanza kwa maji safi, kichwa kikiwa kimerudishwa nyuma ili maji yasiingie, kisha ikaushwe kwa kitambaa laini cha pamba.